Zebaki wa Magomeni na mwana wa Bulsara

Shemeji yangu ni fundi cherehani Magomeni Mikumi, na kazi hiyo ameifanya zaidi ya miaka thelathini. Ukimpelekea picha ya nguo haulizi inauzwa wapi. Anaikuza kwa vidole viwili kwenye simu, anafuata mishono kwa jicho, kisha anauliza kitambaa unacho au akatafute yeye. Mwanawe alipomletea picha ya mwanamume mwenye masharubu, kavaa jaketi la njano lenye mikanda na bizimu kifuani, alifanya hivyo hivyo. Akahesabu bizimu. Akasema bitana iwe nzito, la sivyo mikanda itavuta kifua chote kije mbele. Halafu, mkasi ukiwa bado mezani, akauliza kama mzee yeyote wa Rufiji ambavyo angeuliza: "Huyu ni mwana wa nani?"

"Baba, huyo ni Freddie Mercury, yule mwimbaji wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza."

"Jina nimelisikia. Nimeuliza ni mwana wa nani."

Mpwa wangu alicheka tu. Jaketi likashonwa bila malipo, usiku usiku, kazi za wateja zikishaisha. Miezi mitatu baadaye baba na mwana walikuwa hawaongei, nami nikaitwa kwenye kikao. Nakiandika kisa hiki kwa ruhusa ya wenyewe, ila majina yao nimeyaacha nyumbani kwao.

Kijana ana miaka ishirini na miwili na anaimba kwenye bendi ya roki ya watu wanne. Anayejua Magomeni atanielewa nikisema huo ni ukaidi. Manzese na Tandale ziko hapo hapo jirani, kila kona ina spika, na kila spika ina singeli. Wao wanafanya mazoezi kwenye chumba cha uani, magodoro yamesimamishwa ukutani ili majirani wapate usingizi, na wakipata ukumbi wa kupigia, mwenye ukumbi huuliza kwanza kama na singeli wanayo.

Jina lake la jukwaani ni Zebaki. Kalichukua kwa Freddie: Mercury kwa Kiswahili ni zebaki, ile madini ya majimaji inayokimbia ukiigusa. Mwenyewe aliona amepiga bao. Shangazi yake alipolisikia mara ya kwanza aliuliza kama ndiyo ile sumu wanayosafishia dhahabu kule Geita, na akaambiwa ndiyo hiyo hiyo.

Basi akaalikwa kwenye redio moja ya hapa mjini, kipindi cha jioni. Mtangazaji akamuuliza jina lake la nyumbani na ukoo wake. Akajibu, "Zebaki hana ukoo, ukoo wangu ni muziki." Kesho yake asubuhi baba yake akamwambia mama mtu amfikishie ujumbe: asilale pale mpaka alirudishe jina alilopewa. Kijana akahamia kwa mpiga ngoma wao, Sinza.

Hivyo ndivyo kisa kilivyonifikia mezani, kama ugomvi wa jina. Nilikipokea hivyo na nikajiandaa hivyo. Nilikuwa nimekosea, lakini hilo nililijua mwishoni.

Kikao kilikaa Jumapili moja ya masika. Jangwani kulikuwa kumejaa maji, mwendokasi umesimamishwa, na shangazi aliyetoka Kariakoo alizungushwa na bodaboda kupitia Selander na Kinondoni. Alifika kalowa mpaka magotini, na hasira alizokuja nazo zilitosha watu watatu. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba kila mtu alisema kwa sauti ya ugomvi hata alipokuwa anaomba chumvi.

Shemeji alisema machache. Mtu huitwa fulani bin fulani. Ukiondoa huyo wa pili, wa kwanza kaanguka kutoka juu? Kwenye dini kujitenga na nasaba ya baba si mzaha, na mbele ya redio inayosikika hadi Kibaha ni aibu juu ya dhambi. Mpwa wangu naye akajibu alilokuja nalo tangu Sinza: "Hata Freddie alilitupa jina la baba yake, na dunia nzima inamheshimu. Mjomba ndiye aliyenisimulia."

Wote wakanigeukia.

Ni kweli nilimsimulia. Alipokuwa na miaka kumi na moja hivi nilimletea diski ya maonyesho ya Queen, akaitazama mpaka ikachakaa. Nami nikamwambia, kwa kujigamba kwetu sisi watu wa pwani, kwamba yule ni mtoto wa Unguja, aliitwa Farrokh, akaona jina halimfai, akajiita Freddie akautikisa ulimwengu. Sentensi moja yenye kosa ndani yake, na mtoto alikuwa ameijengea nyumba. Nikaomba nafasi nisimulie upya, safari hii nianze na swali la shemeji.

Mwana wa nani? Mwana wa Bomi na Jer Bulsara. Bomi alikuwa keshia kwenye ofisi za serikali ya Mwingereza, Unguja, enzi ambazo Sultani alikaa kwenye kiti na Mwingereza akashika funguo. Ukoo wao ulitoka Gujarat, India, na jina la Bulsara limetokana na mji wa Bulsar, ambao sasa huitwa Valsad. Shemeji akaitikia kwa kichwa. Watu kubeba mji wao ndani ya jina, hilo alilielewa bila maelezo. Farrokh alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946, na mdogo wake Kashmira akafuata 1952.

"Waislamu?" shemeji akauliza. "Maana kijana aliupiga ule wimbo wao mrefu hapa dukani, nikasikia Bismillah, nikasimamisha cherehani."

Hapana. Neno hilo limo kweli kwenye wimbo wao wa 1975, lakini nyumbani kwao ilikuwa dini ya Zoroasta. Walikuwa Waparsi, uzao wa watu waliotoka Uajemi karne nyingi zilizopita, baada ya Waarabu kuiteka, wakapata hifadhi Gujarat. Mtoto wao hufanyiwa ibada ya kuingizwa dini iitwayo navjote: anavikwa fulana nyeupe ya ibada na kufungwa uzi mtakatifu kiunoni. Farrokh alifanyiwa. Shangazi akasema hiyo ni kama jando, tofauti wao hawakati kitu. Tukacheka, na kicheko hicho kilisaidia kuliko hotuba yangu.

Mwaka 1955, akiwa na miaka minane, wazazi walimpakia melini kwenda shule ya bweni ya St Peter's, Panchgani, kwenye milima bara kutoka Bombay. Hapa ndipo kosa langu lilipokuwa. Jina la Freddie hakujipa. Aliitwa na wenzake bwenini, kama sisi tulivyoitana majina shuleni na mengine yakatuganda hadi leo, na nyumbani wakalipokea. Huko huko mwalimu mkuu aliona mtoto ana kipaji, akawaandikia wazazi kuwashauri wamlipie masomo ya piano. Keshia yule akalipa. Akiwa bado mwanafunzi Freddie akawa mpiga piano wa bendi ya shule, The Hectics.

Niliposema "keshia akalipa" nilimtazama mpwa wangu. Alikuwa anachezea uzi kwenye mkeka.

Alirudi Unguja 1963. Desemba ile Zanzibar ikapata uhuru, na tarehe 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi. Siasa za siku zile sikuziingia, maana kwenye kikao kile kulikuwa na watu wenye ndugu pande zote mbili. Inatosha kusema Waarabu na Wahindi wengi waliondoka, na wazazi wa Freddie ni miongoni mwao. Mwaka huo huo walitua Feltham, magharibi ya London, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Kijana alikuwa na miaka kumi na saba. Alibeba mizigo Heathrow, akasoma sanaa ya michoro kwenye chuo cha Ealing mpaka akapata diploma 1969, kisha yeye na Roger Taylor, mpiga ngoma, wakawa na kibanda cha nguo kuukuu katika soko la Kensington.

"Muuza mitumba!" shemeji akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile akawa na uso wa mtu aliyekutana na jamaa.

Muuza mitumba, na nembo ya Queen aliichora mwenyewe kwa kuchanganya alama za nyota za wale wanne. Bendi ilianza 1970, na miaka hiyo hiyo ndipo akaacha Bulsara akawa Mercury. Hapo mpwa wangu aliinua kichwa, kwamba sasa tumefika. Kweli tulifika, ila pengine. Brian May, mpiga gitaa wao, amesimulia jina lilikotoka: Freddie alikuwa ameandika wimbo, uko kwenye albamu yao ya kwanza ya 1973, na ndani yake mwimbaji anamlilia mama kwa jina la Mercury. Kwa maelezo ya May, Freddie alimwambia kwamba mama anayetajwa mle ni mama yake mwenyewe, na kwa hiyo yeye atakuwa Mercury.

Dada yangu alikuwa mlangoni na ungo wa mchele magotini, hajasema neno tangu asubuhi. Mkono ukasimama. "Kumbe jina la mama yake," akasema. Halafu kwa mwanawe: "Na hiyo zebaki yako wewe umeitoa kwa mama yupi?"

Sikutaka, hata hivyo, kumfanya Freddie mtakatifu. Ningekuwa ninarudia kosa la kwanza, nusu moja nikaibadili kwa nusu nyingine. Ukweli ni kwamba kwao alikusema kidogo sana. Zanzibar haikuwa hadithi aliyowapa waandishi, wala Gujarat, na wapenzi wengi wa Queen walikaa miaka bila kujua yule ni mtoto wa Kihindi aliyezaliwa kisiwani kwetu. Wako watu Unguja ambao bado hawajalimeza hilo, na wako ambao hawamtaki kwa sababu nyingine kabisa: mwaka 2006 sherehe ya kuadhimisha miaka sitini tangu azaliwe ilifutwa baada ya kundi la kidini kuipinga, kwa jinsi alivyoishi. Leo kuna jumba lake la makumbusho Shangani, lilifunguliwa 2019, na watalii wanalipia kuingia. Ndivyo ilivyo kwa maiti mashuhuri, kila mtu humvuta upande wake.

Lakini kunyamaza kwake nako kulikuwa na mazingira yake. Machi 1968, yeye akiwa mwanafunzi London, Bunge la Uingereza lilipitisha kwa siku chache tu sheria ya kuwabana Wahindi wa Kenya wenye pasi za Kiingereza wasiingie. Mwezi uliofuata mwanasiasa Enoch Powell akatoa hotuba yake dhidi ya wahamiaji, na wafanyakazi wa bandarini wakaandamana kumuunga mkono. Kijana wa Kihindi kutoka Afrika Mashariki anayetaka kusimama mbele ya gitaa za umeme mwaka ule alikuwa na sababu ya kutoanza na habari za Unguja. Mimi ningefanya nini sijui. Labda ningejiita Johnson.

Na nyumbani alikuwa anakwenda. Wazazi walibaki Feltham, nyumba ya kawaida, hata mwana alipokuwa tajiri. Hakuwapandisha jukwaani na hakuwaanika magazetini. Alipofariki tarehe 24 Novemba 1991, siku moja baada ya kutangaza kuwa ana UKIMWI, mwenye umri wa miaka arobaini na mitano, mazishi yake yaliongozwa na makasisi wa Kizoroasta kwa sala zao za kale. Wosia wake haukuwasahau wazazi wala Kashmira. Baba alifuata 2003, mama 2016. Mtu aliyelitupa jina la baba yake haagwi hivyo. Nikasema kwa maoni yangu Freddie aliweka pazia kati ya jukwaa na nyumba, na pazia si sawa na kubomoa ukuta.

Nilidhani nimemaliza. Kwa kweli niliona nimesema vizuri, na nilikuwa naandaa suluhu ya kizee: abaki Zebaki jukwaani, abaki mwana wa fulani nyumbani, na redioni aombe radhi. Shangazi alikwisha kuikubali. Shemeji alikuwa anatazama mvua.

Ndipo dada yangu akaweka ungo chini.

"Mnahangaika na jina. Huyu jina halijamuuma hivyo. Mwulizeni habari ya jaketi."

Akasimulia yeye, kwa sababu mumewe hakutaka. Jioni ya kipindi kile, shemeji alikuwa na redio dukani, na wateja watatu ndani: mama mmoja wa sare za shule na vijana wawili wa kupunguza suruali. Mtoto wake alipotambulishwa akaongeza sauti, akawaambia wateja nyamazeni, huyo wangu. Lile la ukoo lilipita, aliguna tu. Vijana huropoka. Kisha mtangazaji akasifia jaketi. Jaketi kali, la kifalme, umelitoa wapi? Na Zebaki akajibu, "Nimeagiza Uingereza."

Dukani kimya. Wale vijana wawili walikuwa wameliona jaketi lile likining'inia pale pale wiki nzima, bizimu moja moja. Yule mama naye aliliona. Shemeji akazima redio, akarudi kwenye sare ya shule, akashona mfuko wa shati kichwa chini. Dada yangu aliufumua mwenyewe usiku ule. Anasema tangu waoane hajawahi kuufumua mshono wa mumewe.

Mvua haikupungua, lakini mle ndani tulisikiana vizuri kabisa.

Nilimuuliza mpwa wangu kwa nini. Hakutafuta maneno. Alisema mtangazaji alikuwa anamcheka cheka tangu mwanzo, mara roki ya Magomeni, mara kwa nini usiimbe tu singeli ule, na alipofika kwenye jaketi akaona akisema baba kashona atacheka zaidi. Uingereza ilimtoka tu. Alikuwa na aibu kabla hata hajamaliza kulitamka, na ile ya "sina ukoo" ilikuwa kujikausha tu, mtu anayejifanya hahitaji kitu.

Hapa ndipo mfano wangu wote wa Freddie ulipogeuka. Nilikuja kuwaonyesha kuwa kubadili jina si kukana kwenu, na hilo bado nalisimamia. Kumbe kijana hakuwa ameiga jina la Freddie peke yake. Aliiga na hofu, ile ya kijana wa Ealing mwaka 1968, akaivaa hapa hapa Dar es Salaam, mbele ya mtangazaji aliyesoma naye lugha moja. Freddie alinyamaza kuhusu keshia wa Unguja. Sijaona mahali aliposema piano ililipiwa na mtu mwingine. Mpwa wangu alichukua kazi ya mikono ya baba yake akaiandika jina la Uingereza. Kikao kizima tulikuwa tunajadili bin, na jeraha lilikuwa kwenye bitana.

Nikajiuliza pia, na nimeendelea kujiuliza, kwa nini shemeji aliwasha ugomvi wa jina wakati ameumizwa na jaketi. Nadhani jina lina heshima yake. Ukisema mwanangu kanikana nasaba, mashehe wako upande wako na ukoo unakusanyika. Ukisema mwanangu kaona haya kazi yangu, unabaki peke yako na cherehani.

Hakuna aliyeomba radhi kwa maneno siku ile. Tulikula, wali ule ule wa kwenye ungo, na samaki. Jioni, maji yalipopungua kidogo, mpwa wangu alitoka akarudi na mfuko. Alikuwa amekuja na jaketi tangu Sinza, kalificha kwa jirani, kwa nia gani hajaniambia mpaka leo. Akaliweka juu ya meza ya kukatia.

Shemeji akavaa miwani. Akaligeuza ndani nje, akapitisha dole gumba kwenye mshono wa kwapa la kulia, uliofumuka karibu inchi tatu. Yule Freddie wa kwenye picha alikuwa anarusha ngumi juu, na bila shaka mwanawe anarusha vilevile.

"Nililikata dogo hapa," akasema. "Wewe hukuniambia utakuwa unarukaruka." Akachukua chaki akapiga alama mbili. "Nikilitia kipande chenye umbo la almasi kwapani, halitafumuka. Alhamisi."

"Sawa, baba."

"Na safari hii unalipa."

Tangazo la shoo iliyofuata bado liliandikwa Zebaki kwa herufi kubwa. Shemeji hajalitamka jina hilo hata mara moja. Lakini tangazo lenyewe kalibandika dukani, upande wa ndani wa mlango, chini ya bei za kupunguza suruali, na mteja akiulizia lile jaketi la njano la kwenye picha anaambiwa elfu themanini, bitana nzito, wiki mbili.